Matawi ya mada na tawi la majaribio: namna ya kuyaendesha bila kuyachanganya

Ombi lilikuja siku moja kabla ya kutoa toleo: kila kitu kiende, isipokuwa ile sehemu ya kutuma risiti kwa barua pepe. Isubiri kwanza. Nikadhani ni ombi dogo. Kumbe kwa wiki tatu tulikuwa tunakomiti kazi zote kwenye tawi moja tuliloliita la majaribio, risiti zimefumwa ndani ya malipo, malipo ndani ya usajili. Kuitoa risiti peke yake ilikuwa sawa na kuchomoa ukili mmoja kwenye mkeka uliokwisha kushonwa. Tulikesha, na toleo likachelewa vilevile.

Tangu hapo nimeshika kanuni moja, na mwongozo huu wote unaizunguka: tawi la mada hutunzwa, tawi la majaribio hutupwa. Kazi hutoka kwenye mada ikaenda kwenye majaribio. Haitoki kwenye majaribio ikaenda popote.

Mifano yote ni ya Git, na nachukulia kwamba kukomiti, kusukuma na kuvuta si vitu vigeni kwako. Tawi kuu nitaliita `main`, la majaribio `jaribio`, na majina ya matawi ya mada yataanza na `mada/`.

## Kwanza tuelewane

Tawi la mada lina jambo moja tu: kipengele kimoja, rekebisho la hitilafu moja, au usafi wa sehemu moja ya msimbo. Kipimo changu ni swali hili: mtu akisema "hii isiende", je, naweza kuiacha nje bila kugusa kingine? Nikiweza, ni mada. Nisipoweza, hizo ni mada mbili zilizofungwa kamba moja.

Tawi la majaribio ni mahali mada kadhaa zinapokutanishwa ili zipimwe pamoja kabla ya kuingia `main`. Lenyewe halina kazi yake. Likifutwa sasa hivi hupaswi kupoteza hata mstari mmoja, kwa sababu kila mstari una mada inayoumiliki.

Wapo wanaoogopa kuwa na matawi mengi, wakidhani kila tawi ni nakala nzima ya mradi. Ndani ya Git tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti fulani, na kwa kawaida huhifadhiwa kama kifaili cha baiti 41: herufi na tarakimu 40 za utambulisho wa komiti, pamoja na alama ya mwisho wa mstari. Matawi mia moja hayafikii uzito wa picha moja ya nembo.

Mpangilio huu sikuubuni mimi. Mradi wa Git wenyewe huendeshwa hivyo: kila mchango huwekwa kwenye tawi lake la mada, kisha mada hukutanishwa kwenye matawi ya kujaribia, `seen` kwa zile ambazo bado mbichi na `next` kwa zinazokaribia kukomaa, na zilizothibitika ndizo zinazoingia tawi kuu. `seen`, ambalo hadi 2020 liliitwa `pu`, hujengwa upya kila mara na hakuna anayetarajiwa kujenga kazi yake juu yake. Kwenye kernel ya Linux kuna linux-next, iliyoanza 2008, ambayo hukutanisha matawi ya mamia ya wasimamizi karibu kila siku ya kazi, na kila inapojengwa huanza upya kutoka kwenye tawi la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Kama mradi wa ukubwa ule unaweza kulitupa tawi la majaribio leo na kulijenga tena kesho, timu ya watu wanne haina sababu ya kulienzi la kwake.

## Hatua ya 1: Anzia mahali sahihi

```
git fetch origin
git switch --no-track -c mada/risiti-barua-pepe origin/main
```

Amri `git switch` ilikuja na Git 2.23 mwaka 2019. Kwenye Git ya zamani zaidi tumia `git checkout -b` badala ya `git switch -c`. Kilicho muhimu ni neno la mwisho, `origin/main`. Usipolitaja, tawi jipya litaanzia popote ulipokuwa umesimama, na mara nyingi unakuwa umesimama kwenye `jaribio` kwa sababu ndipo ulipokuwa unajaribu kitu dakika tano zilizopita. Tawi lililoanzia kwenye `jaribio` limebeba mada za watu wengine wote tumboni. Siku utakapoliingiza `main`, litaziingiza nazo, zilizoiva na zisizoiva.

Kuna jambo moja la ziada kwa marekebisho ya hitilafu. Kama mnatunza matoleo ya zamani, tuseme kuna tawi `toleo-2` linaloendelea kupewa marekebisho, na hitilafu iko huko pia, anzia kwenye `toleo-2` wala si `main`. Mada iliyoanzia kwenye tawi la zamani inaweza kuunganishwa kwenye la zamani na kwenye jipya pia. Iliyoanzia kwenye jipya haiwezi kurudi nyuma bila kukokota kila kilichoongezwa katikati, na hapo ndipo watu huanza kunakili komiti moja moja kwa `git cherry-pick` hadi wasijue tena kipi kiko wapi.

Majina msiyafanyie mchezo. `mada/marekebisho` halisemi lolote. `mada/tarehe-ya-ankara-hukosea-mwisho-wa-mwezi` ni refu, lakini mwezi ujao utalielewa bila kulifungua.

## Hatua ya 2: Mada ibaki mada

Hapa kinachohitajika ni nidhamu tu. Uko katikati ya risiti, unakutana na kosa kwenye fomu ya usajili, mkono unakuwasha ulirekebishe hapohapo. Usilirekebishe hapo. Njia ninayoipenda ni kufungua saraka ya pili ya kazi iliyounganishwa na hazina (repository) ileile:

```
git worktree add --no-track -b mada/fomu-ya-usajili ../fomu origin/main
```

Unaingia `../fomu`, unarekebisha, unakomiti, unarudi. Kazi yako ya risiti haijaguswa. Ukimaliza, `git worktree remove ../fomu`. Ni nyepesi kuliko kuficha mabadiliko kwa `git stash` halafu uyasahau humo kwa mwezi mzima, jambo ambalo sitasema nimelifanya mara ngapi.

Je, mada yako ikihitaji kitu kilicho kwenye mada nyingine ambayo haijaingia `main`? Inaruhusiwa, ila lifanye kwa kujua: anzisha tawi jipya juu ya hiyo mada, usilianzishe juu ya `jaribio`, na uiandike mahali timu inapoona kwamba B inaitegemea A. B haiwezi kuingia kabla ya A. Iwapo A itakataliwa, B nayo iko matatani, kwa hiyo sipendi minyororo inayozidi mada mbili.

Vilevile achana na mazoea ya kuiunganisha `main` ndani ya mada kila asubuhi "ili isipitwe". Iunganishe pale tu unapohitaji kitu kilichoingia huko, au mgongano umekuwa mkubwa. Vinginevyo historia ya mada inajaa miunganiko isiyo na habari, na mkaguzi anachoka kutenganisha pumba na mchele.

Kuona mada imebeba nini hasa:

```
git log --oneline origin/main..mada/risiti-barua-pepe
```

Ukikuta komiti usizozitambua, simama. Tutarudi kwenye tatizo hilo mbele.

## Hatua ya 3: Jenga tawi la majaribio kutoka kwenye orodha

Watu wengi huanzisha tawi la majaribio mara moja, kisha wanaliongezea mada miezi na miezi. Matokeo yake, linakuwa na mabaki ya mada zilizokwisha kataliwa, marekebisho ya nusunusu na migongano iliyosuluhishwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi. Linapita majaribio yote, lakini halifanani na kitu chochote utakachowahi kukitoa.

Mimi naweka orodha. Ni faili ya kawaida nje ya hazina, mstari mmoja kwa kila mada, zinazokaribia kuiva zikiwa juu:

```
origin/mada/tarehe-ya-ankara
origin/mada/fomu-ya-usajili
origin/mada/risiti-barua-pepe
```

Na skripti fupi inayojenga tawi kutoka mwanzo:

```
#!/bin/sh
set -e
git fetch origin
git switch --no-track -C jaribio origin/main
while read -r mada; do
    if ! git merge --no-ff --no-edit "$mada"; then
        test -z "$(git ls-files -u)" || exit 1
        git commit --no-edit
    fi
done < ../orodha.txt
```

Herufi kubwa `-C` ndiyo inayolitupa `jaribio` la jana na kulianzisha upya juu ya `main` ya leo. `--no-ff` inailazimisha Git kuweka komiti ya muunganiko kwa kila mada hata pale ambapo ingeweza kusogeza jina la tawi mbele tu. Tutazihitaji komiti hizo tukianza kusaka mkosaji. Zile amri mbili ndani ya `if` zinahusu migongano, na maelezo yake yako kwenye hatua inayofuata.

Kuitoa mada kwenye majaribio sasa ni kufuta mstari mmoja na kuendesha skripti tena. Lile ombi lililotukesha lingechukua sekunde chache.

Mara ngapi ujenge upya? Kila mada inapobadilika au `main` inaposogea, kama vipimo vyenu ni vya haraka. Kama vinachukua saa nzima, mara moja kwa siku inatosha. Kama kuna watu wanaojaribu kwa mikono, waambieni kabla ya kujenga, maana hakuna kinachomkera mjaribu kama programu kubadilika mikononi mwake katikati ya kazi.

## Hatua ya 4: Suluhisha mgongano mara moja tu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ukijenga upya kila siku, na mada mbili zinagongana kwenye faili ileile, je, utausuluhisha mgongano uleule kila siku? La. Git ina kumbukumbu kwa kazi hiyo, iitwayo `rerere`, ila haiwashwi mpaka uiwashe:

```
git config --global rerere.enabled true
git config --global rerere.autoupdate true
```

Ukiisha kuiwasha, kila unaposuluhisha mgongano na kukomiti, Git inahifadhi sura ya mgongano pamoja na jibu lako. Mgongano wenye sura ileile ukitokea tena, jibu linawekwa lenyewe. Mstari wa pili unaongeza kwamba faili iliyosuluhishwa hivyo iwekwe tayari kwa kukomitiwa. Hata hivyo `git merge` bado itarudisha ishara ya kushindwa, kwa makusudi, ili uangalie kabla ya kukubali. Ndiyo maana skripti yetu inauliza kwanza kama kuna faili yoyote iliyobaki na mgongano: ikiwepo inasimama, isipokuwepo inakomiti na kusonga mbele.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Skripti ikisimama, fungua faili zenye mgongano, zisuluhishe, `git add`, `git commit`, halafu endesha skripti tena kutoka mwanzo. Safari hii itapita.

Tahadhari mbili. Kumbukumbu hii iko kwenye kompyuta yako pekee, haisukumwi kwenye seva, kwa hiyo ni vyema mjenzi wa `jaribio` awe mtu mmoja au mashine moja. Pia, `rerere` inakumbuka makosa kama inavyokumbuka mema. Ukisuluhisha vibaya, kosa litajirudia kimya kimya kila siku. Dawa yake ni kurudia muunganiko huo hadi mgongano utokee, kisha `git rerere forget` ikifuatiwa na njia ya faili, ndipo usuluhishe upya. Kwa kawaida majibu ambayo hayajatumika kwa siku 60 hufutwa.

## Hatua ya 5: Hitilafu ikionekana kwenye majaribio

Vipimo vimeanguka kwenye `jaribio`. Uko hapo hapo, faili imefunguliwa, kosa unaliona kwa macho yako. Kishawishi cha kulirekebisha na kukomiti papo hapo ni kikubwa, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika mfumo huu. Rekebisho lililokomitiwa moja kwa moja kwenye `jaribio` halina mada. Kesho skripti italifuta. Au, kama timu haijengi upya, litabaki huko, mada itaingia `main` bila hilo rekebisho, na hitilafu mliyokwisha kuiona itawafikia watumiaji. Mtaapa kwamba mliirekebisha, na mtakuwa mnasema kweli.

Rekebisha kwenye mada yenye kosa, kisha jenga upya. Je, mada ipi? Kama hujui, mwachie Git atafute:

```
git bisect start --first-parent jaribio origin/main
git bisect run ../jaribu.sh
git bisect reset
```

`--first-parent`, iliyopo tangu Git 2.29, inamwambia atembee kwenye komiti za muunganiko za `jaribio` tu bila kuzama ndani ya kila mada. Kwa mada nane atahitaji kuendesha jaribio kama mara tatu, na atakutajia muunganiko uliolivunja. Hii ndiyo faida ya `--no-ff`. Hakikisha tu `jaribu.sh`, skripti yenu ya kuendesha vipimo, inarudisha sifuri mambo yakienda sawa na namba nyingine, tuseme 1, yakiharibika.

Usimhukumu aliyetajwa papo hapo. Muunganiko wa kwanza kuharibika haumaanishi kwamba mada hiyo ndiyo mbovu. Huenda inakosana tu na mojawapo ya zilizotangulia. Pima mada peke yake:

```
git switch --detach origin/mada/risiti-barua-pepe
../jaribu.sh
```

Ikianguka peke yake, kosa ni lake. Ikipita peke yake na kuanguka ikiwa na wenzake, umekutana na mgongano ambao Git haiwezi kuuona: mmoja amebadilisha jina la kitendaji (function), mwingine ameongeza mahali pengine panapokiita kwa jina la zamani. Faili tofauti, hakuna alama za mgongano, muunganiko umepita vizuri, programu haifanyi kazi. Kwa hali kama hii ndiyo tawi la majaribio likawekwa. Hakuna kipimo cha mada mojamoja kitakachoigundua.

Rekebisho la hali hiyo liende wapi, ikiwa kila mada kivyake ni sahihi? Ninachofanya ni kuamua ipi inatangulia. Ile inayokaribia kuiva inaingia `main` kwanza. Kisha kwenye ya pili naiunganisha `main` mpya na kulifanya rekebisho ndani ya mada hiyo, kwa kuwa sasa lina mwenyewe. Kama zote mbili bado mbali, naiandika shida mahali pa wazi na kuiondoa mojawapo kwenye orodha kwa muda. Kuna wanaohifadhi viraka vya kati ya mada na mada na kuvipachika wakati wa kujenga. Inafanya kazi, ila kwa timu ndogo mimi naona ni kujitwisha mzigo wa bure.

## Hatua ya 6: Mada iliyoiva iingie peke yake

```
git switch main
git pull --ff-only
git merge --no-ff mada/tarehe-ya-ankara
```

Kinachoingia `main` ni mada. Kamwe si `jaribio`. Na kabla ya kusukuma, endesha vipimo tena hapo kwenye `main`. Mtu atauliza kwa nini, wakati mada ilikwisha kupita. Ilipita ikiwa imechanganyika na mada nyingine sita. `main` pamoja na mada hii moja ni mchanganyiko ambao hakuna aliyewahi kuupima. Niliwahi kuona mada iliyofanya kazi vizuri wiki nzima kwenye majaribio kwa sababu tu mada jirani ilikuwa imeongeza safu iliyohitajika kwenye hifadhidata. Ilipoingia peke yake, ukurasa wa kwanza haukufunguka.

Ikishaingia, ifute kwenye orodha na ujenge `jaribio` upya.

Mada ikae kwenye majaribio kwa muda gani? Kwenye mradi wa Git, mada nyingi hukaa `next` kwa takriban wiki moja. Kwangu rekebisho la mstari mmoja naliacha siku moja, na lolote linalogusa data za watumiaji sitaki kulisikia likiingia kabla watu wawili hawajalitumia kwa mikono yao.

## Kusukuma tawi linalobadilika

Kwa kuwa `jaribio` huandikwa upya, kulisukuma kunahitaji nguvu:

```
git push --force-with-lease origin jaribio
```

`--force-with-lease` hukataa endapo tawi la kwenye seva haliko pale Git yako inapojua lilikuwa, kwa hiyo huwezi kumfuta mwenzako aliyesukuma kabla yako bila kujua. Ila kumbuka kwamba skripti yetu huvuta habari za seva mwanzoni. Mtu akiwa amekomiti kitu juu ya `jaribio` na ukakivuta bila kukitazama, kinga hiyo haitakusaidia. Ruhusa hii ya kulazimisha ipewe `jaribio` tu. `main` ifungwe kwenye seva isiandikwe upya na yeyote.

Wenzako wanaotaka kulijaribu wasitumie `git pull`, maana inaweza kuliunganisha la jana na la leo na kuzaa zimwi la vichwa viwili. Wafanye hivi:

```
git fetch origin
git switch --detach origin/jaribio
```

`--detach` ina faida nyingine: anayejaribu hana tawi la kukomitia, kwa hiyo hashawishiki.

## Mambo yakiharibika

Mtu ameanzisha mada juu ya `jaribio`. Utaona kwenye `git log --oneline --first-parent mada/x` kwamba chini ya komiti zake kuna miunganiko ya mada za wengine. Chukua utambulisho wa komiti ya mwisho isiyo yake, kisha hamisha zilizo zake tu:

```
git rebase --onto origin/main <komiti-hiyo> mada/x
```

Mtu ameliunganisha `jaribio` ndani ya `main`. Kama hajasukuma, `git reset --hard ORIG_HEAD` papo hapo inatosha, ila ahakikishe hana mabadiliko ambayo hajayakomiti, maana yatapotea. Kama amesukuma, ujue jambo ambalo huwashangaza wengi: kwa kuwa `jaribio` lilijengwa juu ya `main`, mara nyingi Git haiweki komiti mpya ya muunganiko, inalisogeza tu jina `main` mbele, kimya kimya. Hakuna komiti moja ya kuitengua. Itakubidi utengue muunganiko wa kila mada ambayo haikutakiwa, kuanzia ya mwisho kurudi nyuma:

```
git revert -m 1 <muunganiko-wa-mada>
```

Na hapo pana mtego wa pili, mbaya zaidi kwa sababu unafyatuka wiki kadhaa baadaye. Mada uliyoitengua, kwa hesabu za Git, tayari iko ndani ya historia ya `main`. Siku itakapoiva ukaiunganisha tena, zitaingia zile komiti zilizoongezwa baada ya ajali tu. Za zamani zitabaki zimetenguliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuiunganisha mara ya pili, tengua kwanza ule utenguzi: `git revert` ikifuatiwa na utambulisho wa komiti ya utenguzi, safari hii bila `-m`.

Umefuta tawi lenye kazi. `git reflog` huonyesha mahali ulipopita, na kwa mipangilio ya kawaida kumbukumbu za komiti zisizofikiwa na tawi lolote hukaa siku 30. Itafute komiti ya mwisho, kisha `git branch mada/x <komiti>`.

## Kufagia

```
git branch --merged origin/main
git branch --no-merged origin/main
```

Ya kwanza inaorodhesha matawi yanayoweza kufutwa, ya pili yale ambayo bado yana kazi. Kwenye orodha ya kwanza utaliona `main` pia, usilifute kwa pupa. Kama timu yenu hubana mada nzima kuwa komiti moja wakati wa kuiingiza, orodha hizi hazitawasaidia, kwani komiti za awali haziko `main`, na Git itaendelea kusema mada haijaunganishwa.

Halafu ufute:

```
git switch main
git branch -d mada/tarehe-ya-ankara
git push origin --delete mada/tarehe-ya-ankara
```

Nimeanza na `git switch main` kwa sababu maalumu. `-d` hukataa kufuta tawi ambalo halijaunganishwa, lakini inauliza "halijaunganishwa wapi?" na kujijibu yenyewe: kama tawi limefungamanishwa na nakala yake ya kwenye seva, inalinganisha na nakala hiyo, kama halijafungamanishwa, inalinganisha na mahali uliposimama. Ukiwa umesimama kwenye `jaribio`, karibu kila mada imeunganishwa hapo, na Git italifuta tawi bila kuguna. Dakika moja baadaye unajenga `jaribio` upya, na ile mada haina tena jina popote kwenye kompyuta yako.

Mada zilizokataliwa kabisa nazo zifutwe, kwa `-D`. Kama roho inakuuma, ziwekee tagi kwanza, `git tag kumbukumbu/risiti-barua-pepe mada/risiti-barua-pepe`, ndipo ulifute tawi. Ya kwetu ya risiti nilikuwa nimeitunza hivyo. Miezi minne baadaye waliiomba tena, nikaanzisha tawi kutoka kwenye tagi ile, nikaiunganisha `main` ndani yake, na jioni hiyohiyo mstari wake ulikuwa kwenye orodha.